Swali Limrudialo Mwulizaji

Maswali tuyapendayo ni mengi. Mtoto auliza kwa nini mwezi humfuata njiani. Msafiri auliza desturi za nchi ngeni. Mgonjwa auliza homa yake imetoka wapi. Kuuliza namna hii ni kwema, wala hakumgharimu mtu kitu, kwa kuwa jibu lake liko mbali na nafsi yake. Lakini liko swali la namna nyingine, ambalo jibu lake likipatikana humgeukia yeye aliyeuliza na kumwambia, Sababu ni wewe. Je, imetupasa kuliuliza hilo nalo? Ama mtu ana haki ya kuacha kufunua jambo litakalomhuzunisha siku zote za maisha yake? Na tulipime neno hili kwa habari ya daktari mmoja.

Ignaz Semmelweis alizaliwa mwaka 1818 katika mji wa Buda, nchi ya Hungaria. Mwaka 1846 aliwekwa kuwa daktari msaidizi katika hospitali kuu ya Vienna, mji mkuu wa Austria. Hospitali hiyo ilikuwa na nyumba mbili za kuzalia. Katika nyumba ya kwanza walifundishwa wanafunzi wa udaktari. Katika ya pili walifundishwa wakunga. Wanawake walipokewa kwa zamu, siku hii huku, siku nyingine kule. Hata hivyo mwaka ule katika nyumba ya kwanza walizaa wanawake 4,010, wakafa 459. Katika nyumba ya pili walizaa 3,754, wakafa 105. Ugonjwa uliowaua ulikuwa homa ya uzazi. Habari hizi zilijulikana mjini, hata wako wanawake waliopiga magoti wakilia wasitiwe katika nyumba ya kwanza.

Watu wenye elimu walitoa sababu nyingi. Wengine walisema ni hewa mbaya ya mji. Lakini nyumba zote mbili zilivuta hewa ile ile. Wengine walisema ni msongamano. Lakini nyumba ya pili ndiyo iliyosongamana zaidi. Wengine walidhani ni hofu, kwa sababu padre aliyewapelekea sakramenti wenye kufa alipita katika vyumba vya nyumba ya kwanza, akitanguliwa na mtu mwenye kengele. Semmelweis akamwomba padre apite njia nyingine, bila kengele, vifo havikupungua. Akabadili namna ya kuwalaza wanawake wakati wa kuzaa, havikupungua. Kisha baraza lililowekwa kuchunguza likasema kosa ni la wanafunzi wageni, kwamba mikono yao ni mizito wawapimapo wanawake. Hesabu ya wanafunzi ikapunguzwa toka 42 hata 20, na wageni karibu wote wakaondolewa. Vifo vikapungua kwa muda, kisha vikazidi tena.

Angalia, ndugu msomaji, jinsi sababu hizi zifananavyo. Hewa, msongamano, kengele, wageni: kila moja ilimwacha daktari mwenyewe nje ya hesabu.

Mwezi wa Machi 1847 Semmelweis alirudi kutoka safari ya Venice, akakutana na habari ya msiba. Rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, alikuwa amejeruhiwa kidole kwa kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti, akaugua, akafa. Semmelweis alizisoma dalili za ugonjwa wake, akaona ni zile zile za wale wanawake. Hapo akatambua. Madaktari na wanafunzi walitoka chumba cha maiti wakaenda kuwapima wanawake. Wakunga hawakupasua maiti. Mikono iliyokuja kuponya ndiyo iliyoleta mauti. Naye mwenyewe alikuwa na bidii nyingi katika kupasua maiti, kwa kuwa alitaka kuijua homa ile apate kuishinda.

Mwezi wa Mei akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji yenye dawa ya klorini kabla ya kumgusa mwanamke. Katika Aprili, kabla ya amri hiyo, walikufa 57 katika 312. Katika Julai walikufa 3 katika 250.

Jibu alilipata, bali tazama bei yake. Baadaye aliandika kwamba Mungu peke yake ajua hesabu ya wanawake waliokwenda kaburini kabla ya wakati wao kwa sababu yake. Je, alikuwa na hatia? Kwa siku zile alizokuwa hajui, nasema hapana. Kutokujua si kosa. Kosa huanzia pale mtu aambiwapo, Tazama mikono yako, naye akakataa kutazama. Tangu saa ile yeye si mtu asiyejua tena. Ni mtu aliyechagua.

Wakubwa wengi wa udaktari walikataa. Tusiwahukumu upesi, maana hawakukosa hoja. Semmelweis hakuweza kuwaonyesha kitu chenyewe kilichochukuliwa na mikono, wala hakutoa kitabu chake mpaka mwaka 1861. Tena alipopingwa aliwaandikia barua kali, akiwaita wauaji. Na mtu aitwaye mwuaji hufunga masikio. Lakini iko na sababu nyingine, nayo haikunenwa waziwazi: kumkubali kulikuwa ni kuwakumbuka wanawake wao wenyewe waliokufa. Semmelweis alifariki mwaka 1865, katika nyumba ya wagonjwa wa akili, akiwa na miaka 47. Mwaka 1879 Louis Pasteur aliwaonyesha wataalamu huko Paris vijidudu vya homa hiyo.

Basi, turudie swali letu. Mimi naona imetupasa kuuliza, na sababu yangu ni hii: aulizaye hulipa yeye mwenyewe, kwa huzuni, asiyeuliza humlipisha mwingine. Pale Vienna bei ya kunyamaza haikulipwa na madaktari. Ililipwa na mwanamke aliyelala kitandani, na mtoto wake aliyebaki bila mama. Wazee wetu walisema, Mficha maradhi kilio humfichua. Lakini mara nyingi kilio hicho hakiliwi nyumbani kwake aliyeficha.

Neno hili si la madaktari tu. Mwalimu ambaye wanafunzi wake hushindwa kila mwaka huuliza kwa nini watoto wa siku hizi ni wazito. Mzazi ambaye watoto wake hawamwambii siri zao huuliza ni nani aliyewaharibu. Mzee ambaye vijana wamemkimbia husema ni mambo ya mjini. Pengine ni kweli. Na sababu za nje zichunguzwe kwa haki, moja moja, kama vile ilivyochunguzwa kengele ya padre. Lakini zikiisha zote, na msiba ungalipo, basi mtu ajiweke na yeye katika hesabu. Na rafiki amwambiaye aseme kwa upole, ili yule mwingine apate nguvu ya kusikia.

Na ajuaye asikae akilia tu. Semmelweis hakuweza kumrudisha hata mmoja wa waliokufa. Aliweza kuweka bakuli la dawa mlangoni. Na kwa ajili ya bakuli hilo, mwaka 1848 katika nyumba ile ile walizaa wanawake 3,556, wakafa 45.