Kwaya na Alama



Tangu kwaya zetu zianze kupewa alama na kutangaziwa nafasi, ya kwanza hadi ya mwisho, mambo yamebadilika. Vijana wanawahi mazoezini na sauti zimenyooka. Hayo ni mema. Mtume Paulo mwenyewe alitumia mfano wa wakimbiaji uwanjani, kwa hiyo hatukubali kwamba kila shindano ni la shetani. Lakini kwaya iliyokuwa ikienda kuwaimbia wagonjwa sasa haina nafasi. Matangani nako haionekani, maana waamuzi hawatoi alama kwa matanga. Na mama mzee ambaye sauti yake imepasuka ameombwa “apumzike kidogo”.

Sisi tuliotoka Rumonge na Nyanza-Lac tuliyaona haya ziwani. Ndagala huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukijaa, taa haivuti kitu na wavuvi hupumzika. Kipe kimoja kikiongeza karabai mbili, cha jirani kinaongeza tatu, kwa kuwa samaki hufuata mwanga mkubwa. Mwishowe wote wanachoma mafuta mengi, na samaki ni walewale. Si kwamba wavuvi wale ni wachoyo. Kila mmoja anaogopa kubaki nyuma, wala hakuna awezaye kupunguza taa peke yake, watoto wake watalala njaa. Mwaka 2024, ili samaki wapate kuzaliana, Tanzania ilibidi isimamishe uvuvi upande wake wa ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, wote kwa pamoja.

Je, tufute mashindano? Wazee wa pwani ya Kenya na Tanganyika walikuwa na ngoma ya beni, Marini upande huu na Arinoti upande ule, hasa baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Walipeana vyeo, hata cha kingi, wakashindana kwa sare na karamu, na fedha nyingi zikapotea. (Wamisionari hawakuipenda kabisa.) Hata hivyo vyama hivyo hivyo viliwasaidia wanachama wagonjwa na kuwazika waliokufa. Tunadhani ushindani haukuvila vyote kwa sababu kuzikana kulikuwa kazi ya chama chenyewe, si jambo la kufanya muda ukibaki.

Kwetu sisi kuzikana ni jambo zito zaidi, maana wengi hapa hawana ndugu wa damu karibu. Kwaya ndiyo ukoo wao.

Kwa hiyo tunawaomba wazee wa kanisa mashindano ya Krismasi yabaki, lakini kila kwaya ielezwe alama zake faraghani, na nafasi zisitangazwe. Pia kwaya isiyokwenda matangani isipande jukwaani. Wengine watasema vijana watalegea. Huenda wakalegea kwa miezi kadhaa, nasi tuko tayari kusikia sauti zisizonyooka sana.