Kejeli si Uongo

Wako wasomaji wanaoona kwamba hadithi ya kejeli ni kazi ya mwoga: anamlenga mtawala, kisha anajificha nyuma ya mtu wa kubuni. Kama ana la kusema, mbona asiseme waziwazi? Swali hilo lina uzito, nasi tuliofundisha watu kusoma yatupasa kulijibu.

Tutazame mfano wa Kenya. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini bila kushtakiwa, baada ya mchezo alioutunga pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kuzuiwa. Mwaka 1986 ikatoka riwaya yake ya Kigikuyu, Matigari. Shujaa wake anatoka msituni akiuliza kweli na haki zapatikana wapi. Serikali ya humo ina redio iitwayo Sauti ya Ukweli, na wasomi wake wamebobea katika elimu ya kasuku. Mwandishi hasemi kwamba redio hiyo ni ya uongo. Ameipa jina zuri, akamwachia msomaji kazi iliyobaki. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Ngũgĩ alieleza baadaye kwamba wakuu, waliposikia wanavijiji wakimzungumza Matigari, waliamuru akamatwe. Polisi wakagundua kuwa ni mtu wa kitabuni. Basi mwaka 1987 kikakamatwa kitabu.

Uongo uko wapi hapo? Mwongo hutaka asigunduliwe. Mwenye kejeli hutaka agunduliwe. Na mtawala azuiaye hadithi isiyotaja nchi yake wala jina lake, amekiri mwenyewe kwamba amejiona humo.

Nabii Nathani naye hakumtaja Daudi. Alisimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake. Mfalme akamhukumu tajiri yule kwa hasira, asijue kwamba anajihukumu mwenyewe. Angeambiwa waziwazi, pengine angejitetea. Lakini alipotambua, hakumfunga msimulizi, alitubu.

Hatusemi kwamba kila kejeli ni njema. Imchekayo mnyonge ni uonevu tu. Lakini imgusayo mwenye nguvu humpa nafasi ya kujitazama kabla hajajitetea. Nasi pia, wazazi, walimu na wazee wa kanisa, tuna mamlaka yetu madogo. Tukisikia hadithi inayotuchoma, tuulize kwanza kama ni kweli, ndipo tuulize nani kaitunga.