Kundi Haliuzwi

Je, uzuri waweza kumilikiwa? Juu ya matumbawe, kuanzia Bahari ya Shamu na mwambao wa Afrika Mashariki hadi Pasifiki, huishi makundi ya samaki wadogo wa kijani-samawati ambao wataalamu huwaita Chromis viridis. Akitokea kolekole, kundi zima huzama pamoja baina ya matawi ya tumbawe. Anunuaye 10 akawafuga nyumbani katika tangi la kioo, kwa maji safi ya chumvi na chakula tele, huwaondolea hofu hiyo. Kumbe hofu ndiyo iliyowaunganisha. Mwenye nguvu humwandama mnyonge, na mara nyingi husalia wawili watatu. Mfugaji hakuwanyima kitu ila bahari. Alidhani amenunua kundi, ilhali kinachouzwa ni samaki. Apendaye umoja wao hana budi kuutazama ulipo, pamoja na hatari inayouunda.