Ukimuuliza Maana, Atakuonyesha Alichookota

Pale Freedom Corner, ndani ya Uhuru Park jijini Nairobi, kuna sanamu ya watu wawili wasiotazamana. Mwanamke anampa mpiganaji wa Mau Mau chakula; yeye uso ameuelekeza huku, mpiganaji kule. Mpita njia asiyejua habari yao anaweza kudhani wamekosana. Lakini walifanya hivyo ili kulinda maisha: aliyekamatwa na kuteswa hawezi kumtaja mtu ambaye hakuuona uso wake. Kevin Oduor, mchongaji wa kazi hiyo iliyozinduliwa Septemba 2015, aliitia hofu yote ya miaka ile ya kupigania uhuru katika shingo mbili zilizogeuka.

Oduor huyohuyo ndiye aliyemtengeneza kiongozi wa Mau Mau Dedan Kimathi anayesimama Kimathi Street tangu Februari 2007, bunduki mkono mmoja, jambia mkono wa pili. Picha inayokumbukwa zaidi ya Kimathi ni ile aliyopigwa baada ya kukamatwa Oktoba 1956, amelazwa, pingu mikononi. Jijini amesimamishwa wima. Hayo ni maelezo tosha ya nia ya msanii, hata kama hakuna bango linaloyasema.

Watazamaji wa Nairobi wana swali moja wanalolipenda mbele ya kila kazi ya sanaa: maana yake nini? Ni swali la haki, ila mara nyingi si hilo linalomfungua msanii. Ukitaka azungumze, muulize kile kitu alikitoa wapi na alikishika vipi.

Cyrus Kabiru ni shahidi mzuri. Alizaliwa 1984, akakulia mkabala na mahali ambapo taka za jiji zilimwagwa, na amesimulia mara nyingi jinsi miwani ilivyoingia maishani mwake. Baba yake, alipokuwa mtoto, alikuwa na miwani ikaharibika, naye akachapwa kwa ajili yake. Akaichukia miwani moja kwa moja. Kabiru mdogo alipoitamani, baba akamwambia ajitengenezee yake. Akaitengeneza, na hajaacha: waya, vizibo vya soda, vijiko, vipande vya kompyuta, vyote vikageuka fremu kubwa za kuvaliwa usoni ambazo zimemfikisha kwenye maonyesho ya nchi nyingi. Yeye husema anakipa kitu kilichotupwa nafasi ya pili. Maneno hayo yangeweza kuwa ya mtu yeyote, lakini miwani ile inayapa uzito, kwa sababu kila kipande kilikuwa cha mtu fulani kabla ya kuwa sanaa.

Kwa miaka kadhaa Kabiru alifanya kazi kwenye kituo cha wasanii cha Kuona, Kilimani, kwenye kichochoro cha Likoni Close. Kuona ilianza mwaka 1995 kwenye Makumbusho ya Taifa, ikahamahama hadi ikatua upande huo wa magharibi mwa jiji, ambako makontena ya meli yamefanywa studio. Shirika lililoisimamia lilipoanguka, wasanii wenyewe waliishika na kuiendesha kwa pamoja.

Hapo Kuona ndipo Dennis Muraguri naye alipozichapa matatu zake. Yeye huchonga ubao, huupaka wino, kisha huukandamiza kwenye karatasi. Katika uchapaji wa aina hiyo kila kitu hutoka kinyume, basi majina na michoro ya ubavuni mwa gari sharti yachongwe nyuma mbele. Anayeyachonga hivyo, herufi moja baada ya nyingine, analitazama gari kwa subira ambayo abiria wa saa kumi na mbili jioni hana. Ndiyo maana matatu zake zina heshima. Hazikuchorwa kwa haraka kama kivutio cha watalii.

Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi aliyesomea uchoraji London, alipata kifaa chake mwaka 2010 kwenye soko la watalii mjini humu: lubugo, nguo ya gome la mti ambayo Waganda huipondaponda kwa nyundo za mbao na kuwazikia wafu wao. Ilikuwa imekatwa vitambaa vya mezani. Akaanza kuchora juu yake badala ya turubai. Lubugo ina matundu na mishono, haikubali kila kitu. Mchoraji akifika kwenye tundu lazima aamue. Mwaka 2017 alifuatana na wanahabari wa televisheni kwenye mkutano wa upinzani Uhuru Park, na umati alioushuhudia ukaingia katika michoro aliyoipeleka Venice mwaka 2019. Siasa za Kenya juu ya nguo ya maziko: hapo nani anahitaji kuambiwa maana?

Wangechi Mutu, aliyesoma Loreto Msongari kabla ya kwenda ng'ambo, naye amerudi kwenye udongo mwekundu wa Kenya kufinyangia baadhi ya sanamu zake.

Mzee Elimo Njau aliwatangulia wote hawa. Alipoanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa na wenzake mwaka 1965, katikati ya jiji, kanuni yake kuu ilikuwa kutoiga, kwani kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Watu huichukulia kama agizo la kuwa tofauti na wengine. Pengine ilikuwa agizo la kutazama kilicho mlangoni mwako.

Lakini kijana hatazami vizuri kama hajawahi kuona waliotazama kabla yake. Kwa miaka mingi mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi haukuwa na somo la sanaa, na kazi nyingi nzuri zilinunuliwa na wageni zikaondoka. Ndiyo sababu Armitage alianzisha NCAI, taasisi ya sanaa ya kisasa iliyoko Rosslyn, kando ya Limuru Road. Onyesho la kwanza hapo, mwaka 2022, lilikuwa la Sane Wadu, aliyeacha ualimu miaka ya 1980 ili achore. Kazi zake za miongo kadhaa zilikusanywa ukumbi mmoja, na kijana wa Kangemi angeweza kwenda kuziona kwa matatu.