Kiti na Mwenye Kukikalia

Katika miji ya kale ya pwani yetu, kama vile Lamu na Pate, mafundi walitengeneza kiti cha fahari kiitwacho kiti cha enzi. Kilikuwa cha mpingo, kikatiwa njumu za pembe za ndovu, na mgongo wake mrefu ukasukwa kwa kamba. Kilikuwa kiti cha wakuu. Na mgeni wa heshima naye alikaribishwa akikalie.

Yafaa tujiulize: je, ni kiti kimpacho mtu heshima, au ni mtu akipaye kiti heshima?

Na tuwatazame Waasante wa Ghana. Wao wana Kigoda cha Dhahabu, ambacho kwa imani yao kimebeba roho ya taifa zima. Hakuna akikaliaye, hata mfalme mwenyewe. Mwaka 1900, mjini Kumasi, gavana wa Kiingereza Frederick Hodgson alidai aletewe kigoda hicho apate kukikalia. Waasante waliingia vitani, wakiongozwa na Yaa Asantewaa, malkia mama wa Ejisu. Walishindwa kwa silaha, na mama huyo akahamishiwa Shelisheli, akafia huko mwaka 1921. Lakini kigoda Waingereza hawakukipata. Gavana alidhani kiti ni cha mtawala, kumbe ni cha watu.

Hata hivyo, tusisifu bila kupima. Miji yetu ile ile ya pwani ilikuwa na watumwa, na kiti cha enzi hakikuwekwa kwa ajili yao. Kwa hiyo kiti chaweza kuwaunganisha watu, na chaweza pia kuwatenga. Kipimo chake ni kimoja: aliyekikalia anawakumbuka wale waliosimama?

Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu kwa sheria mwaka 1963. Lakini viti vya wenye madaraka havikwisha: viko ofisini, viko bungeni, na kimoja kiko darasani, mbele ya wanafunzi. Lugha yetu imekwisha kutuonya. Neno enzi lina maana ya utukufu wa mtawala, na lina maana ya muda wa utawala wake. Kila utukufu una muda wake. Mwenye kukikalia kiti ataondoka, na watu watabaki. Basi heshima ya kiti ni amana yao mikononi mwake, wala si mali yake.