Mlima wa Wenye Mchango

Katika kikao cha wazazi cha shule moja ya sekondari jijini Mwanza, wanafunzi waliorejea kutoka Kilimanjaro walisimama kueleza walichojifunza. Walikuwa wamefika Mandara, kituo cha kwanza cha njia ya Marangu, kwenye mita 2,700 hivi. Wakataja uvumilivu, ushirikiano, uongozi. Makofi yakapigwa. Kisha ikatangazwa kwamba viranja wapya watatoka kundi hilo, kwa kuwa limekwisha kupikwa likaiva.

Mzazi mmoja wa Pasiansi hakupiga makofi. Binti yake alibaki nyumbani kwa sababu mchango wa safari haukutimia. Nyumba yao iko juu kwenye mawe, bomba liko chini, na kila alfajiri binti huteremka na ndoo tupu akapanda na iliyojaa. Mzazi akauliza: kama kupanda mlima kunafunza uvumilivu, huyu amekosa nini?

“Hilo ni zoea tu, baba,” mwalimu alimjibu kwa upole. “Somo ni lile ulilolichagua mwenyewe.”

Jibu hilo limemkosesha usingizi. Funzo la maisha ni nini? Tuseme ni jambo linalombadili mtu namna ya kuishi, tuendelee. Ugomvi hauko hapo. Uko kwenye sharti la kuchagua, na sharti hilo lina wakubwa wanaolitetea: Aristotle alidai kwamba tendo jema lifanywe kwa hiari. Lakini ni yeye huyo aliyefundisha kwamba mtu huwa jasiri kwa kutenda ya kijasiri mara kwa mara, yaani kwa mazoea. Mwalimu alichukua nusu iliyomfaa.

Isitoshe, waliokwenda Marangu walichagua nini? Mchango alitoa mzazi, tarehe ilipanga shule, mwendo aliushika mwongozaji aliyewahimiza waende pole pole. Hapo hapo Pasiansi kuna taasisi inayofundisha uhifadhi wa wanyamapori tangu mwaka 1966. Kuruta wa hapo hutembea kwa amri, si kwa matakwa yake, na hajatokea wa kusema kwamba hajifunzi kitu. Tena binti wa ndoo ana uamuzi wake wa kila siku: amsubiri jirani mjamzito aliyechoka, au awahi kengele ya shule? Foleni ikirefuka, ampishe nani? Kumwambia kwamba hayo si masomo ni kumwambia kwamba akili yake hulala mpaka mtu ailipie nauli.

Upande wa mwalimu zipo hoja za haki zaidi: mbali na kwao, watoto wasiosalimiana darasani hulazimika kugawana maji, na dhiki ya kila siku pengine humvunja mtu badala ya kumjenga.

Lakini mzazi huyu akianza habari za Kilimanjaro hazuiliki, lazima afike mwaka 1889. Oktoba 6 ya mwaka huo Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, na Meyer akakipa jina la Kaisari wa Ujerumani. Kwenye kambi ya juu alibaki Mwini Amani, mtu wa Pangani, akiwapikia na kuwalindia vitu. Mtu wa pwani, baridi ile! Hata leo wapagazi, wale wanaoitwa wagumu, huwatangulia wageni wakiwa na mizigo ya hadi kilo 20, na jioni hawaulizwi wamejifunza nini. Hoja hii haimsaidii sana dhidi ya mwalimu, ila yeye huipenda kuliko zote.

Kinachomtatiza ni binti mwenyewe. Hajalalamika kuhusu ndoo, amelilia Kilimanjaro. Kama kilima cha nyumbani kinatosha, mbona anataka kwenda? Baba anajibu kwamba anataka kuuona ulimwengu, jambo tofauti na somo. Jibu hilo halimridhishi hata yeye.

Kwa hiyo amependekeza shuleni kwamba safari ijayo iwe hapa hapa, kwenye vilima vya Mwanza: bila nauli, na bila mtoto kuachwa. Baadhi ya wazazi wamemuunga mkono. Mama mmoja anayeishi juu kwenye mawe alikataa. Wanafunzi watapita mlangoni kwake wakiandika kwenye madaftari jinsi anavyovumilia, alisema, naye hakuombwa ruhusa ya kuwa somo la mtu.