Elimu Yapandisha Nani?

Ndugu zangu katika imani, tunasoma tupate kazi, na hilo si aibu. Nabii Yusuf (a.s.) mwenyewe aliomba kusimamia maghala ya Misri. Lakini alitoka gerezani akapewa cheo kwa kuwa alijua namna ya kuivuka miaka 7 ya njaa. Alipanda kwa kuwalisha watu.

Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, wengi walikimbilia Pemba kwa bahari. Nahodha hakuulizwa shahada. Aliulizwa kama anaujua upepo na uzito wa chombo.

Mimi nasoma dini. Nikihitimu nami siwezi kumsaidia mkimbizi aliyepoteza kitambulisho hata kuandika maombi ya kingine, nitakuwa nimepata cheti tu. Elimu ni amana, na mwenye haki nayo ni yule mwenye shida.